Anatoka gerezani: atarudia, na anahitaji nini? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Tanga

Ukurasa huu nimeuandika kwa ajili ya ndugu wanaomsubiri mtu wao, wenyeviti wa mitaa, maafisa ustawi, mafundi na wenye vyombo vya uvuvi wanaoombwa kumpa mtu kazi, na kwa ajili ya anayetoka mwenyewe, ambaye mara nyingi ndiye wa mwisho kuelezwa chochote. Nimekaa na watu hawa miaka kadhaa, wengi wakitokea gereza la Maweni, wengine wakirudi nyumbani kutoka magereza ya mikoa mingine. Maswali ni yale yale ninayoulizwa barazani, kwenye daladala, na mara nyingine kwa simu usiku wa manane.

Tathmini ya hatari na mahitaji ni kitu gani hasa?

Ni mazungumzo marefu, pamoja na kupitia kumbukumbu za mtu na kujaza fomu inayotoa alama, ili tujibu mambo matatu. Akiachwa kama alivyo, uwezekano wa kurudia kosa ni mkubwa kiasi gani? Ni mambo gani yanayomvuta kurudia? Na tumsaidie kwa njia gani ambayo ataweza kuipokea? La kwanza huitwa hatari, la pili mahitaji. La tatu husahaulika, ilhali ndilo linaloamua kama msaada utafika: asiyejua kusoma ukimpa kijitabu hujampa kitu, na anayeona haya kusema mbele ya watu ukimweka kwenye kikundi atakaa kimya hadi mwisho.

Mpangilio huu wa mambo matatu uliwekwa na wanasaikolojia wa Kanada, Donald Andrews, James Bonta na Robert Hoge, mwaka 1990, na nchi nyingi zimeufuata tangu hapo. Tathmini si kesi ya pili. Hakimu alishahukumu na kifungo kimetumikiwa. Tunachotafuta sasa ni wapi pa kuweka nguvu zetu chache.

Mnaangalia mambo gani?

Utafiti wa miaka mingi umerudi tena na tena kwenye mambo manane: historia ya makosa, tabia ya pupa na hasira za ghafla, mawazo yanayohalalisha uhalifu ("tajiri haibiwi, anapunguziwa"), marafiki anaokaa nao, hali ya familia na ndoa, shule na kazi, namna anavyotumia muda wake usio na kazi, na ulevi, uwe wa pombe au wa dawa za kulevya.

Historia haibadiliki. Aliyefungwa mara nne amefungwa mara nne, hata awe malaika leo. Ndiyo maana fomu inayohesabu historia tupu ni ya kusikitisha: inamwambia mtu kwamba hana la kufanya. Saba yaliyobaki yanaweza kusogea, mengine haraka, mengine kwa taabu, na hapo ndipo kazi ilipo. Umri nao unasaidia, kwa kuwa karibu kila nchi iliyohesabu imeona uhalifu ukipungua kadiri watu wanavyovuka ujana.

Marafiki ndilo jambo ninalolitazama kwa makini kuliko mengine, na ndilo gumu kuuliza. Hakuna atakayejibu ukimuuliza, "Je, una marafiki wahalifu?" Mimi huuliza maskani yao iko wapi, jioni huwa wanakaa na nani, nani alimtembelea gerezani, na nani aliyemtumia hela ya sabuni. Kijana mmoja wa Ngamiani aliniambia kwamba katika miaka mitatu hakuna ndugu aliyefika, ila "kaka mmoja wa kijiweni" hakukosa hata mwezi. Huyo kaka ndiye ambaye kijana angemfuata siku ya kwanza, na kwa haki kabisa, maana ndiye aliyemkumbuka. Hatukumwambia amkwepe. Tulimtafuta mjomba wake Mabawa, tukamwomba aende kumwona mara mbili kabla ya tarehe ya kutoka.

Kuna mambo ambayo watu huyatilia uzito mkubwa kuliko yanavyostahili. Machozi ni mojawapo. Mtu kulia na kusema amejuta kunatugusa sisi tunaomsikiliza, na toba ina thamani yake mbele ya Mungu na mbele ya aliyekosewa, lakini kama kipimo cha nani atarudia, hakusaidii sana. Nimewaona waliolia wakirudi, na wakavu wa macho wakijenga maisha.

Kwa nini msitegemee uzoefu? Askari wa miaka ishirini si anawajua wafungwa wake?

Anawajua vizuri sana, gerezani. Tatizo ni kwamba gereza lina ratiba, geti na mabwana wake, na mtu anayetulia humo anaweza kuwa ametulia kwa sababu hakuna cha kuamua mwenyewe. Sheria zetu hutoa punguzo la theluthi ya kifungo kwa mwenye mwenendo mzuri, na ni jambo jema. Ila nyapara hodari aliyezoea kuamrisha wenzake anaweza kutoka akashindwa kuvumilia kuamrishwa na fundi aliye mdogo wake kwa umri.

Jambo hili liliulizwa zamani. Mwaka 1928 mwanasosholojia Ernest Burgess wa Chicago, Marekani, alipitia majalada ya watu 3,000 walioachiwa kwa parole, yaani kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, katika jimbo la Illinois, akachagua mambo 21, akaona kwamba kuyahesabu tu kulitenganisha vizuri wanaofanikiwa na wanaoshindwa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Meehl naye alilinganisha makadirio ya wataalamu na hesabu sahili, na mara nyingi hesabu ilishinda au ikalingana nao. Nasi binadamu tuna udhaifu wetu: tunampenda anayetusalimia kwa adabu, tunamwogopa mwenye kovu usoni, na ikiwa asubuhi tumegombana nyumbani, kila mtu siku hiyo anaonekana hatari.

Kwa hiyo fomu inatushika mkono. Haituondoi kazini. Vifaa vizuri vinamruhusu afisa kubadili matokeo, kwa sharti aandike sababu na mkubwa wake aisome.

Fomu hizi zimetungwa Kanada na Uingereza. Zinafaa Tanga?

Hili ni swali zuri kuliko yote, na nalijibu kwa kisa.

Kulikuwa na kijana wa Sahare, aliyefungwa kwa wizi. Nilikuwa na fomu iliyotafsiriwa, nikamsomea: "Una ajira?" Akajibu, "Sina, mama." "Uliwahi kuwa na ajira?" "Hapana." "Katika mwaka kabla ya kukamatwa, ulikuwa na ajira kwa muda gani?" "Sikuwahi, mama." Nikajaza. Sehemu ya kazi ikatoka na alama mbaya kuliko zote, na pamoja na historia yake akaingia kundi la hatari kubwa.

Tulipomaliza nilifunga faili, nikamuuliza tu, kwa kuongea: "Sasa mwanangu, ulikuwa unaishije?" Akacheka kidogo. "Si nilikuwa naenda baharini." Alianza akiwa na miaka kumi na miwili, na baba yake mdogo. Alijua kushona nyavu, kuendesha ngalawa kwa tanga na kwa mashine, alijua kusi inapoanza kuvuma wavuvi wanahamia wapi, na wanunuzi wa soko la samaki la Deep Sea walimfahamu kwa jina la utani. Miaka kumi ya kazi ngumu, kila siku ya Mungu, na fomu yangu ilimwona mvivu.

Kosa lilikuwa kwenye neno. Kwetu ajira ni barua, ofisi, mshahara wa mwisho wa mwezi. Kinachotulisha wengi wetu kinaitwa kazi, shughuli, kibarua, mihangaiko. Aliyetafsiri fomu alipata neno la kamusi, akakosa neno la watu. Siku hizi nauliza, "Ukiamka unakwenda wapi? Chakula cha jioni kinatokana na nini?"

Si maneno peke yake. Fomu za kule humhesabia mtu hatari akihama nyumba mara kwa mara. Hapa mkata mkonge anahama kufuata shamba kutoka Muheza hadi Korogwe bila kuwa na ubaya wowote. Vilevile kipimo hujengwa kwa kufuatilia watu wa mahali fulani na kuhesabu waliorudi. Alama iliyomaanisha jambo fulani kwa mfungwa wa Ontario haiwezi kuchukuliwa kuwa na maana ileile kwa mfungwa wa Lushoto hadi watu wa hapa wafuatiliwe na kuhesabiwa. Mpaka hapo, mimi natumia maswali yao kama kumbukumbu ya nini cha kuuliza, na namba zao naziacha.

Na sisi wenyewe hatuanzi mikono mitupu. Chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, maafisa probesheni huandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii kabla mahakama haijaamua mtu atumikie adhabu nje ya gereza. Wanafika nyumbani, wanaongea na balozi, wanasikia majirani. Ripoti iliyoandikwa vizuri namna hiyo ina mambo mengi kati ya yale manane, tena kwa lugha yetu.

Akipata alama kubwa, ina maana atarudi?

Hapana. Alama inasema habari za kundi. Tuseme kifaa fulani kinaonyesha kwamba katika watu mia wenye alama hizo, sitini walirudia ndani ya miaka miwili. Arobaini hawakurudia, na walikuwa na alama zilezile. Huyu aliyekaa mbele yako yumo kwenye sitini au kwenye arobaini? Fomu haijui. Afisa anayemwambia mtu "wewe utarudi tu" amesema jambo ambalo hakuna kipimo duniani kinachomruhusu kulisema, na amemwachia neno litakalomkaa moyoni.

Na mwenye alama ndogo?

Mwacheni. Mpeni nauli, karatasi zake, na heri. Utafiti uliofanywa Ohio, Marekani, mwaka 2002 na Christopher Lowenkamp na Edward Latessa uliona kwamba nyumba za mpito, ambako watu hukaa kwa muda baada ya kutoka gerezani, na programu nzito ziliwasaidia wenye hatari kubwa, huku nyingi kati yake zikiongeza kurudia kosa kwa wenye hatari ndogo. Sababu inaeleweka. Mama aliyefungwa kwa deni la kikoba, mwenye mume, genge la mbogamboga na watoto shuleni, ukimlazimisha kuripoti kila wiki na kukaa siku nzima na wazoefu, unambomolea genge na kumpa marafiki wapya wa aina usiyoitaka.

Tathmini inatakiwa ifanyike lini?

Mapema, halafu tena, halafu tena. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema katika Kanuni ya 94 kwamba mfungwa mwenye kifungo cha muda wa kutosha atayarishiwe mpango wake mapema iwezekanavyo baada ya kuingia, kulingana na mahitaji yake, uwezo wake na hulka yake. Kanuni ya 107 inataka maisha yake ya baada ya gereza yafikiriwe tangu mwanzo wa kifungo. Kanuni ya 108 ndiyo ninayoipenda: inataja hati na vitambulisho, mahali pa kukaa, kazi, nguo zinazofaa kwa hali ya hewa, na uwezo wa kufika aendako. Aliyeiandika aliwahi kumwona mtu akisimama nje ya geti.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine ya kutosubiri. Chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, Rais anaweza kusamehe, na mara nyingi msamaha hutangazwa siku ya Uhuru au ya Muungano. Tarehe 9 Disemba 2019 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 kwa mkupuo. Furaha ya siku ile naikumbuka. Lakini aliyepanga kuanza maandalizi miezi mitatu kabla ya tarehe ya jalada hakupata hiyo miezi mitatu. Mtu aliamka mfungwa, jioni yuko stendi ya Kange na mfuko wa salfeti mkononi.

Baada ya kutoka rudieni mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Maisha yanageuka haraka: amepata kibarua Pongwe, ameachika, ameanza kubeti, mama amefariki. Karatasi ya mwaka jana inaongelea mtu wa mwaka jana.

Alikuwa anatumia unga kabla ya kufungwa, na ndani hakutumia. Si ameshapona?

Tafadhali soma jibu hili hadi mwisho, hata kama mengine utayaruka.

Mtu akikaa muda bila heroini mwili unasahau dozi. Akitoka, akili inakumbuka kiasi alichokuwa akitumia zamani, lakini mwili haukiwezi tena. Kete aliyoizoea inamwua. Katika jimbo la Washington, Marekani, watafiti walifuatilia watu walioachiwa gerezani, wakachapisha matokeo mwaka 2007: katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya wakazi wengine wa jimbo hilo, na hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129. Ni kule, na madawa yao yana mchanganyiko wao. Namna mwili unavyosahau dozi haina nchi.

Sisi wa mwambao tunaujua unga. Tumezika watoto kwa ajili yake. Kwa hiyo kwa mtu wa aina hii swali la kurudia kosa kwangu ni la pili. La kwanza ni kama atafika wiki ya tatu akiwa hai. Kabla hajatoka anaambiwa wazi, bila kutishwa na bila kusemwa vibaya: dozi yako ya zamani sasa ni sumu. Familia inaambiwa hivyohivyo. Na njia ya kliniki ya methadone, dawa inayotolewa badala ya heroini, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, inaandaliwa kabla, anajua aende kwa nani na lini. Methadone inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, hivyo swali la makazi linaingia hapa pia: anayelala mbali asiye na nauli ya kila siku ataacha, na akiacha, arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, itamrudisha kijiweni.

Usimwite teja. Nasema hivi kwa wazazi hasa. Akiwa ndani ya nyumba yako, mwite jina ulilompa.

Na magonjwa mengine?

Anayetumia ARV, dawa za VVU, atoke na dawa za kutosha na barua ya rufaa kwenda kwenye kituo cha karibu na atakapokaa, ili matibabu yake ya CTC, kliniki ya VVU, yasikatike. Aliyeanza dawa za kifua kikuu, ambazo kwa kawaida humezwa miezi sita, aelekezwe hivyohivyo. Hili ni la haki yake, na pia la usalama wa watoto atakaolala nao chumba kimoja.

Makazi mnayathibitishaje?

Kwa kusikia sauti ya mwenye nyumba. Nilijifunza vibaya.

Mzee mmoja, umri wake ulikuwa umepita hamsini, alikuwa amekaa ndani miaka tisa. Nilimuuliza atafikia wapi. "Kwa dada yangu, Makorora. Nyumba ile ile ya mwarobaini." Alisema kwa uhakika sana hata sikutaka kumsumbua zaidi. Nikaandika: makazi, yapo. Siku aliyotoka alikwenda kwa miguu, akapiga hodi, akafunguliwa na wapangaji wasiomjua. Dada yake alikuwa amehamia Korogwe kwa mwanawe, mwaka wa pili huo. Mwarobaini ulikuwa umekatwa. Mzee alikaa kwenye baraza la msikiti hadi alfajiri, na asubuhi alinipigia kwa simu ya muuza kahawa. Hakunilaumu. Aliomba radhi kwa kunisumbua.

Tangu siku hiyo neno "yapo" haliandikwi mpaka mwenye nyumba ameongea nasi mwenyewe, ametuambia chumba gani, kwa muda gani, na nani mwingine anakaa humo. Hilo la mwisho ni zito. Ikiwa aliyekosewa anakaa nyumba hiyohiyo, au mtaa huohuo mlango wa tatu, lazima tujue.

Aliyekosewa ana nafasi gani katika haya?

Ana nafasi kubwa kuliko anayopewa. Nimeona mama akikutana na aliyemjeruhi mwanawe sokoni Mgandini, bila mtu yeyote kumwambia kwamba ametoka. Alikaa ndani wiki nzima. Kumpa taarifa mapema, kumuuliza anaogopa nini, na kupanga njia ambazo hawatakutana ni sehemu ya tathmini. Mara nyingine yeye ndiye anayejua jambo ambalo halipo kwenye jalada: kwamba vitisho vilikuwa vikija kwa simu, au kwamba ugomvi ulikuwa wa shamba na shamba lenyewe bado halijagawanywa. Asilazimishwe kusamehe. Suluhu ya wazee ni njema ikitoka moyoni, na ni dhuluma ya pili ikitoka kwa kusukumwa.

Waliofungwa kwa makosa ya ngono, wote si hatari kubwa?

Hofu yenu naielewa, nami nina wajukuu. Uchunguzi uliounganisha tafiti 61, uliochapishwa na Karl Hanson na Monique Bussière mwaka 1998, uliona kwamba waliojulikana kurudia kosa la ngono ndani ya miaka minne hadi mitano walikuwa asilimia 13.4. Makosa haya mengi hayaripotiwi, kwa hiyo namba halisi ni kubwa zaidi. Bado inaonyesha kwamba kundi hili lina watu wa aina mbalimbali, na wachache kati yao ni wa hatari kubwa sana. Vipimo vya kawaida havitoshi kuwatenganisha. Wanahitaji mtu aliyefunzwa kwa kazi hiyo na vifaa vyake maalumu, na vivyo hivyo kwa ukatili wa nyumbani. Mimi sifanyi tathmini hizo peke yangu, na mtu wa kujitolea asijaribu. Jambo moja halihitaji kipimo: aliyemdhuru mtoto asipangiwe kufikia kwenye nyumba yenye watoto.

Kwa wanawake mnatumia maswali yaleyale?

Karibu, kwa nyongeza nyingi. Kanuni za Bangkok za 2010, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, zinataka historia ya kupigwa na kubakwa, afya ya akili na malezi ya watoto vizingatiwe. Mwanamke anapotoka, swali lake la kwanza huwa, "Watoto wangu wako kwa nani?" Mara nyingi ndoa imekwisha, ameolewa mwingine, na kwao wanasema amewatia aibu. Na nimekutana na zaidi ya mmoja ambaye kosa lilianzia kwa mwanamume: alibeba mzigo asioujua vizuri, au alipiga baada ya kupigwa miaka. Ukimrudisha kwa mwanamume huyo kwa sababu fomu inasema "ana familia, alama nzuri", umempeleka alikotoka.

Kompyuta haiwezi kufanya kazi hii kwa haki zaidi?

Mwaka 2016 waandishi wa ProPublica, shirika la habari la Marekani, walichunguza COMPAS, programu ya kompyuta inayokadiria hatari ya mtu kurudia kosa, iliyotumika Broward, Florida. Katika watu ambao hawakurudia kosa, weusi walikuwa wamepachikwa hatari kubwa karibu mara mbili ya weupe. Watengenezaji wakajibu kwamba alama ileile ilimaanisha uwezekano uleule kwa wote. Wanahisabati walipoangalia waliona kwamba haki hizi mbili haziwezi kutimia pamoja ikiwa makundi yanatofautiana kwa kiwango cha kukamatwa tena.

Na hapo ndipo penye somo kwetu, hata bila kompyuta. Kipimo kinahesabu kukamatwa. Kijana wa mtaa unaopitiwa na doria kila usiku atakuwa amekamatwa mara nyingi kwa uzururaji kuliko kijana wa Raskazone mwenye tabia kama zake, anayevutia bangi nyuma ya ukuta wa baba yake. Ukihesabu makosa, soma ni makosa gani.

Je, mwenyekiti wa mtaa aoneshwe fomu?

Hapana. Mwenyekiti anaweza kuambiwa kwamba fulani anarudi na anahitaji barua ya utambulisho. Alama, ugonjwa, na habari za familia yake havimhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za makosa miongoni mwa taarifa nyeti, na hata bila sheria, mji wetu tunaujua: jambo likifika kwenye kahawa limefika kila mahali. Mwenyewe ana haki ya kuambiwa kilichoandikwa juu yake na kusahihisha. Mara nyingi huwa na haki katika anachosahihisha.

Akikataa kuhojiwa?

Muulize kwa nini, halafu unyamaze. Wengi walihojiwa huko nyuma na kila walichosema kiligeuka ushahidi. Mwambie majibu yanakwenda wapi na hayaendi wapi. Akikataa bado, msaidie kwa yale yasiyohitaji fomu, yaani nauli, kitambulisho na simu ya ndugu, na mwachie mlango wazi. Usiandike "hana ushirikiano". Andika "hajawa tayari", na tarehe.

Mimi nina gereji. Nimpe kazi?

Mpe ukiweza, kwa macho wazi. Uliza kosa lake lilikuwa na uhusiano gani na kazi yako: aliyeiba fedha za ofisi asianzie kwenye droo ya hela, lakini hakuna sababu asishike spana. Wengi wametoka na ufundi halisi wa useremala, ushonaji, uashi au kilimo, ila hawana cheti. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini, na inafaa kumsaidia aufuate. Mlipe kila wiki mwanzoni, maana mwezi mzima bila hela ni mrefu kwa asiye na akiba. Akichelewa Jumatatu ya kwanza, ongea naye kabla ya kumfukuza.

Mwanangu anatoka mwezi ujao. Nianzie wapi?

Nenda ukamwone, mama. Usimuulize kama ameacha, atakujibu ndiyo. Muulize anaogopa nini, atampigia nani kwanza, na kama kuna mtu anayemdai. Deni la gerezani au la kijiweni huwasubiri watu nje, na huwarudisha wengi haraka kuliko tamaa.

Anza barua ya mwenyekiti na kitambulisho cha NIDA sasa hivi, maana bila hivyo hata laini ya simu hasajili. Muulize kuhusu dawa, na kama zipo, nani atamwelekeza. Ongea na baba yake na kaka zake mkubaliane neno moja, ili asifike nyumba ikigombana kwa ajili yake. Mpangie jambo la asubuhi kwa wiki mbili za kwanza, hata kama ni kwenda na mjomba shambani tu. Jioni ndiyo saa ya hatari, kati ya magharibi na isha, wenzake wa zamani wanapopita kumpa pole.

Na siku yenyewe wahi. Mara nyingi watu huachiwa asubuhi, na anayetoka akakuta hakuna mtu getini ataondoka na yeyote atakayemkuta hapo.